Mboga ya majini inayowasha ulimi: je, watakresi inatufaa sisi wa Kusini?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi pembezoni mwa mji wa Lindi. Mdogo wangu aliyeko Uingereza amenitumia video inayosema kwamba mboga iitwayo watakresi ndiyo ya kwanza duniani kwa virutubisho, kwamba inaongeza damu, inasafisha mapafu na inaponya saratani. Amesema atanitumia pakiti ya unga wake kwa ajili ya mama, ambaye ana miaka 61 na tangu mwaka jana anatumia warfarin baada ya damu kuganda kwenye mguu. Karibu na shamba letu la bondeni kuna jani linaloelea dimbwini ambalo kwa picha linafanana kabisa na hilo. Je, tunaweza kulichuma tukalila bichi kama video inavyoelekeza? Na kama silo, naweza kupanda la kweli hapa Lindi?"

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kuuguliwa na mama. Mimi si daktari wa tiba. Ni mtaalamu wa lishe niliyefanya kazi hapa Mtwara na katika vijiji vya Newala na Tandahimba, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu dawa ya mama uyapeleke kliniki anakotibiwa, wala usiyafanye kuwa badala ya kliniki. Swali lako limebeba maswali kadhaa, na mawili kati yake hayangoji: jani la dimbwini lisichumwe likaliwa bichi hata kama kweli lingekuwa watakresi, na unga utakapofika mama asipewe mpaka wanaomtibu wawe wameuona. Sababu nitazieleza kila moja kwa nafasi yake. Naomba nianze na mmea wenyewe, kwa kuwa ukishaelewa kinachoufanya uwashe ulimi, sehemu kubwa ya mengine itakuwa nyepesi.

Watakresi ni mmea mdogo unaoota kwenye maji safi yanayotembea, wenye mashina yaliyo wazi kwa ndani yanayouwezesha kuelea, na majani ya kijani kilichokolea yaliyogawanyika vijani vya mviringo. Asili yake ni Ulaya na Asia ya magharibi, na kwa ukoo ni ndugu wa kabichi, sukuma wiki, haradali na figili. Wataalamu wa mimea huuita Nasturtium officinale: neno la kwanza hufasiriwa kuwa limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya pua iliyopinda, yaani sura anayoifanya mtu anapoutafuna, na la pili lilipewa mimea iliyokuwa ikiuzwa kwenye maduka ya dawa. (Lipo pia ua la bustanini la rangi ya machungwa ambalo wauza mbegu huliita nasturtium, huo ni mmea mwingine, ingawa nao huwasha.) Mimi nitaendelea na jina alilolitumia mdogo wako.

Ukali wake haukai ndani ya jani ukisubiri. Jani zima lisilojeruhiwa haliwashi kitu. Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo glukonasturtini, na mahali pengine, pakiwa pametengwa, kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinase. Viwili hivi havikutani mpaka jino au kisu kivunje kuta zinazovitenganisha, na vikikutana huzaliwa mafuta makali yanayopanda puani, ambayo kwa jina la kikemia ni fenethili isothiosianati. Kila aliyewahi kukata kitunguu analijua jambo la namna hii, kwani kitunguu kizima hakimlizi mtu. Mmea umejiwekea silaha hiyo dhidi ya wadudu na wanyama wanaoula, nasi tunaipenda kwa kiasi kidogo kama tunavyoipenda pilipili. Karibu kila sifa ya kitiba inayotajwa kuhusu watakresi, iwe ya wazee wa kale au ya maabara, mwisho wake ni mafuta hayo, ilhali kimeng'enya kinachoyazalisha hufa kwa moto. Mboga iliyochemshwa sana hubaki na madini yake na sehemu ya vitamini zake, na vijidudu vya utumbo wetu huweza kuzalisha ukali kidogo kutokana na kilichobaki, lakini sehemu kubwa imekwishapotea. Ndiyo maana video ile inasisitiza majani mabichi. Kwa hilo peke yake, haikukosea.

Matumizi ya jadi ya mboga hii yana mantiki yake. Ulaya ya zamani, watu walipomaliza miezi ya baridi bila jani bichi mezani, fizi zikavimba na kutoa damu kwa kiseyeye, watakresi ilikuwa miongoni mwa mboga za kwanza kupatikana vijitoni. Gramu 100 zake zina takriban miligramu 43 za vitamini C, ambazo karibu zinatosheleza mahitaji ya mtu mzima ya siku nzima kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo waliosema "inasafisha damu" walikuwa wameona kitu cha kweli, isipokuwa hawakuwa na jina lake. Mwaka 1808 mkulima William Bradbery alianza kuilima kwa biashara Springhead, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, na reli ya Alresford huko Hampshire, iliyofunguliwa mwaka 1865, ilibeba shehena nyingi za mboga hii kuelekea London hata mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Watoto wadogo waliitembeza mitaani alfajiri wakiiuza kwa mafungu, na wafanyakazi waliila na mkate asubuhi. Aliyekosa mkate aliyala majani matupu, ndipo ikaitwa mkate wa maskini. Naona ajabu kidogo kwamba mboga hiyo hiyo leo inasifiwa mtandaoni kama kitu cha watu wa daraja la juu.

Kwa upande wa kifua, Wabrazili huipika na asali ikawa dawa ya maji ya kikohozi, na Wachina wa Hong Kong na Guangdong, wanaoiita mboga ya nchi za magharibi, huitokosa kwa saa kadhaa pamoja na nyama kuwa supu ya msimu wa hewa kavu. Ng'ambo ya bahari yetu hii hii, Wamalagasi huiita anandrano, yaani mboga ya majini, nao huila kama sisi tunavyokula mchicha, bila kuidai miujiza. Ujerumani, kamati ya serikali iliyopitia dawa za mitishamba ilikubali itumike kutuliza makamasi na mafua ya njia ya hewa, na hapo pia kemia inasaidia kueleza: mafuta yale makali yakishaingia mwilini sehemu yake hutoka kwa pumzi na kwa mkojo, na yana uwezo wa kuzuia baadhi ya bakteria. Kamati hiyo hiyo, hata hivyo, iliwakataza wenye vidonda vya tumbo, wenye uvimbe wa figo na watoto wa chini ya miaka 4. Katazo hilo sijaliona likitajwa na wanaouza.

Sasa nije kwenye cheo cha kwanza duniani. Hakikuzuliwa. Mwaka 2014 mtafiti Jennifer Di Noia wa Chuo Kikuu cha William Paterson, New Jersey, alichapisha katika jarida la kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa orodha ya mboga na matunda 47 aliyoyapima kwa virutubisho 17. Yaliyofuzu yalikuwa 41, na watakresi ikaongoza kwa alama 100. Lakini lazima uangalie kipimo kilikuwa kipi. Alama zilihesabiwa kwa kulinganisha virutubisho na nguvu, yaani kalori, zilizomo ndani ya chakula. Watakresi ni maji kwa asilimia 95 na ina kalori 11 tu kwa kila gramu 100, kwa hiyo kigawanyo ni kidogo mno na jibu la hesabu linakuwa kubwa. Ili mtu apate kalori 100 kutoka kwenye mboga hii, atalazimika kula karibu gramu 900, kiasi ambacho hakuna anayekila. Tena orodha ilihusu vyakula vilivyozoeleka Marekani; mgagani na mlonge havikushindanishwa. Kushika namba moja katika mbio ambazo jirani yako hakualikwa si sababu ya kumdharau jirani.

Dai la kuongeza damu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu upungufu wa damu kwa wanawake na watoto wa Kusini si jambo la mzaha. Gramu 100 za watakresi zina miligramu 0.2 tu za madini ya chuma. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kwa viwango vya Marekani, anahitaji miligramu 18 kwa siku. Ukipiga hesabu utaona ni kilo 9 za majani, na hapo hatujasema kwamba madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida. Foleti, vitamini nyingine ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu, nayo ni kidogo. Kilichomo kwa wingi ni vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza chuma kilichotoka kwenye chakula kingine, pamoja na kalsiamu miligramu 120, vitamini K mikrogramu 250, na luteini ambayo ni nzuri kwa macho. Hayo ni mema ya kutosha kwa mboga moja bila kuongezewa chumvi. Kama kuna mtu nyumbani kwenu mwenye kizunguzungu, viganja vyeupe na kuchoka, akapime wingi wa damu na minyoo, na kama ni mjamzito ameze vidonge vyake vya kliniki.

Kuhusu mapafu na saratani, ziko tafiti za kweli, nami nitakutajia mbili ili uone ukubwa wake. Mwaka 1995 kundi la watafiti wa Marekani liliwapa wavuta sigara 11 takriban gramu 57 za watakresi kwa kila mlo kwa siku tatu, wakapima mkojo wao. Walikuta kwamba mwili ulikuwa ukitoa kwa wingi zaidi mabaki yaliyokwisha kupunguzwa makali ya kemikali mojawapo ya tumbaku inayosababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster walichapisha matokeo ya watu 60, nusu yao wavuta sigara, waliokula gramu 85 mbichi kila siku kwa wiki nane: uharibifu wa vinasaba katika chembe nyeupe za damu ulipungua kwa asilimia 17, na waliofaidika zaidi walikuwa wavutaji. Katika maabara, mafuta yale makali yameua seli za saratani kwenye vyombo na kuzuia uvimbe kwa panya. Haya yote yanavutia, lakini kilichopimwa kwa binadamu ni dalili za ndani ya mwili kwa majuma machache. Hakuna aliyekuwa na saratani akaila akapona. Mwenye uvimbe au kidonda kisichopona anatakiwa kuwahi hospitali ya rufaa, na kila wiki anayoipoteza akisubiri majani yamfanyie kazi inampunguzia nafasi ya kutibika. Anayevuta sigara naye ajue kwamba waliotafitiwa waliendelea kuvuta. Mboga haikuwasafisha mapafu, iliwasaidia kutoa sehemu ndogo ya sumu waliyokuwa wakiiingiza kila siku.

Nimetaja mgagani, na hapa ndipo ningependa utulie, mwalimu, maana nadhani jibu la swali lako halisi liko hapa. Mgagani, ambao pengine mnaung'oa shambani kwenu kama gugu wakati wa palizi, na mlonge, ambao mara nyingi hutumika kuwa mti wa uzio tu, ni wa kundi moja kubwa la mimea na watakresi, lile la mimea inayotengeneza ukali wake kwa njia hiyo hiyo ya kemikali na kimeng'enya. Kemikali zenyewe zinatofautiana: mgagani una glukokaparini na mlonge una glukomoringini, wala siwezi kudai kwamba tafiti za watakresi zinaweza kuhamishiwa kwao moja kwa moja. Lakini ule uchungu na mwasho unaoupata ukitafuna jani bichi la mlonge, na ile harufu ya mgagani inayobaki mkononi baada ya kuuchambua, ni lugha ile ile ya ukoo mmoja. Na kwa virutubisho, ndugu hawa wa nyumbani wanamzidi mgeni kwa mengi. Gramu 100 za majani mabichi ya mgagani zina takriban kalsiamu miligramu 288, chuma miligramu 6 na protini gramu 4.8, za mlonge zina kalsiamu miligramu 185, chuma miligramu 4, protini gramu 9.4 na vitamini C miligramu 52. Ukiziweka tarakimu hizo kando ya zile za watakresi, utaelewa kwa nini sina haraka ya kumwomba mdogo wako atume kitu.

Wengi huchemsha mgagani, wakamwaga maji mara mbili au tatu ili uchungu uishe. Uchungu huisha, na vitamini C huondoka pamoja na maji. Ni afadhali kuchuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, kuuchanganya na majani ya kunde au mchicha ili kupunguza makali, kuuchemsha mara moja kwa muda mfupi, kisha kuuunga kwa karanga, ufuta au tui la nazi, vitu ambavyo Lindi haikosi. Mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kufyonza luteini na kiini cha vitamini A. Kamulia limau ukishaepua, au mle embe baada ya chakula, na chuma cha mboga kitafyonzwa vizuri zaidi. Na kwa kuwa tunazungumzia vitamini C, sina budi kuyataja mabibo yanayooza chini ya mikorosho yetu kila msimu: gramu 100 za bibo hufikia miligramu 200 na zaidi, mara nne au tano ya watakresi iliyosifiwa. Tunaokota korosho, tunaacha dawa ya kiseyeye kwa mainzi.

Kanuni ya kula mbichi isivukishwe mipaka. Nimewahi kukutana na mama mmoja aliyesikia kwamba moto unaua virutubisho, akaanza kusaga kisamvu kibichi na kunywa maji yake. Kisamvu kina kemikali inayotoa sayanidi, na kutwanga vizuri kisha kupika sufuria ikiwa wazi ndiko kunakoiondoa; bibi zetu hawakutwanga kwa kupenda kelele za kinu. Kuna jambo jingine la hapa kwetu linaloungana na hilo. Mwili unapoivunja sayanidi ya muhogo huzaa thiosianati, na mboga za ukoo wa kabichi na watakresi nazo huzaa vitu vya aina hiyo vinavyoshindana na madini joto kuingia kwenye tezi ya shingo. Kwa mtu anayekula chumvi yenye madini joto ya kutosha, hilo halina madhara kwa mlo wa kawaida. Lakini pwani yetu ya Lindi na Mtwara huvuna chumvi yake yenyewe, na nyingi hufika jikoni bila kuongezewa madini hayo. Kabla ya kutafuta mboga ya Ulaya, hakikisha chumvi ya nyumbani ina madini joto. Faida yake kwa watoto wako na wanafunzi wako haina mjadala.

Tuje sasa dimbwini. Siwezi kulitambua jani kwa maelezo, lakini naweza kusema hivi: watakresi hupenda maji baridi yanayotiririka, na bonde la pwani lenye dimbwi lililotuama kwenye joto letu si makao yake, kwa hiyo yaelekea ni jani jingine, na mimea ya majini inayofanana ni mingi. Hata hivyo hatari niliyoitanguliza haitokani na jina la jani bali na maji. Kuna minyoo bapa ya ini inayoishi kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukua ndani ya konokono wa majini, kisha mabuu hutoka na kujigandisha kwenye majani yaliyo majini, yakijifunika gamba gumu yakingoja kuliwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wasiopungua milioni 2.4 wameambukizwa duniani, na watakresi ya mwituni iliyoliwa mbichi ndiyo njia inayojulikana kuliko zote. Zamani ungeniambia Lindi haina ng'ombe wengi. Lakini tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na wengi wao kuelekezwa mikoa ya Kusini, mifugo imekuwa ikinywa kwenye mabonde yetu, na konokono walikuwapo tangu awali.

Kuosha kwa maji, chumvi au siki hakutoshi, kwa kuwa mabuu hayo hushikilia jani kwa nguvu. Moto ndio unaoyaua. Aliyeyameza huweza kupata homa na maumivu chini ya mbavu za kulia majuma kadhaa baadaye, wakati ambapo hakumbuki tena alikula nini, na albendazole aliyozoea kumeza kwa minyoo ya kawaida haimsaidii ipasavyo. Dawa yake ni triclabendazole, inayotolewa kwa maelekezo ya daktari. Zaidi ya hayo, kichocho hakipatikani kwa kula, kinapatikana kwa kuingia majini, na anayetumwa kuchuma majani dimbwini kwa kawaida ni mtoto. Wewe ni mwalimu. Nadhani umekwisha kuwaona wanafunzi wanaokojoa damu.

Kuhusu mama, jambo lenyewe ni vitamini K. Warfarin haiyeyushi damu kama watu wanavyosema. Hupunguza uwezo wa ini kutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Mtu akianza ghafla kula majani mengi yenye vitamini hiyo, dawa hudhoofika na damu inaweza kuganda tena mguuni au kupanda mapafuni. Akizoea kisha akaacha ghafla, kipimo cha dawa kilichopandishwa kumfuata kitakuwa kikubwa mno na anaweza kutokwa damu. Kwa hiyo mama hakatazwi mboga. Mchicha mbichi una vitamini K zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa gramu 100, mara nne ya watakresi, na bila shaka anaula. Anachotakiwa ni kuula kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili kipimo chake cha INR, kile cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda, kitulie. Mwezi wa Ramadhani, msimu wa mvua mboga zinapojaa, au kiangazi zinapoadimika, yaani wakati wowote mlo unapobadilika, awaambie kliniki mapema.

Unga ni mgumu zaidi kuliko jani, kwa sababu kijiko kimoja kinaweza kuwa kimebeba kiganja kizima cha majani na hakuna anayejua hasa ni kiasi gani. Vitamini C hupungua katika kukausha, na mafuta yale makali ni mepesi kupeperuka, kwa hiyo unaweza kulipia ukali usiokuwepo ukabaki na vitamini K iliyokolea, kitu ambacho mama ndicho asichokihitaji. Mshukuru mdogo wako, kisha mwambie kwamba nauli ya pakiti hiyo ingemfaa mama zaidi kwa gharama za kipimo cha INR.

Kama bado unatamani kuionja watakresi ya kweli, unaweza kuipanda kwa majaribio, na hili napenda kuliunga mkono kwa kuwa litawafurahisha wanafunzi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, lakini kikonyo kibichi kilichowekwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi ndani ya siku chache. Tumia beseni pana lenye tabaka la mchanga uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, wala usitie samadi mbichi. Lijaze maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa mpaka yafunike mchanga kidogo, uyabadilishe kila baada ya siku mbili ili yasizalishe mbu, na uliweke chini ya mwembe ambapo jua la mchana halilipigi. Panda Juni, joto letu linapopungua; kufikia Oktoba itakuwa imetoa maua na majani yamekuwa machungu. Walioko Rondo au juu Newala, ambako usiku una ubaridi, watakuwa na bahati zaidi yako. Ukipata fungu la kwanza, likate likiwa bichi dakika chache kabla ya kula, ulichanganye na nyanya na limau, na sahani ya mama uipakue mboga yake ya kila siku.